UMOJA WA TIMU HAUANZI UWANJANI

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Hata hivyo, vidole vitano visipopatana, chawa huyo atakwenda zake salama. Ndivyo ilivyo katika timu za watoto: jezi za rangi moja hazitoshi kuwafanya wachezaji kumi na mmoja wawe kitu kimoja.

Mfano wa kuigwa unapatikana katika nchi jirani ya Kenya. Mwaka 1987, katika mtaa wa mabanda wa Mathare, Nairobi, kilianzishwa chama cha michezo cha vijana kiitwacho MYSA. Chama hicho kiliweka kanuni ya pekee: timu iliyozoa taka na kuzibua mifereji ya mtaa wake ilipewa pointi sita katika msimamo wa ligi, yaani nyingi kuliko za kushinda mechi moja.

Kwa kanuni hiyo, mfungaji hodari hawezi kuiokoa timu yake peke yake. Humhitaji hata mchezaji dhaifu, maadamu anajua kushika koleo. Tena vijana wakubwa hufundisha wadogo, na wanaojitolea hivyo hujipatia alama za kuwawezesha kulipiwa karo. Timu ya Mathare United, iliyozaliwa humo mwaka 1994, ilitwaa ubingwa wa ligi ya Kenya mwaka 2008.

Jambo hili lina uzito katika kambi za askari. Baba au mama ahamishwapo, mtoto naye huhama. Hufika katikati ya muhula, akawakuta wenzake wamekwisha kuzoeana. Kocha anayetamani kombe tu humweka benchi. Wenzake nao humcheka akikosea. Baada ya majuma machache, mtoto huyo haonekani tena uwanjani.

Kocha mwenye busara humkabidhi mgeni huyo kwa nahodha siku ile ile ya kwanza, na kumpa kazi inayotegemewa na wote. Humkosoa faraghani na kumsifu hadharani. Wazazi nao hawana budi kuacha kumzomea mtoto wa jirani kwa kukosa bao.

Askari anafahamu vyema kwamba kikosi hakimwachi mwenzao nyuma. Basi na watoto wake wajifunze hayo mapema, wakiwa bado wanaufukuza mpira.