Aina ya 35 haimo kwenye chanjo

Kwenye kipindi tuligusia chanjo ya HPV tukapita mbio. Nataka nirudi hapo, maana kuna namba imenikaa kichwani.

HPV si kirusi kimoja, ni ukoo wenye aina zaidi ya 200. Aina kama 12 ndizo zinazoleta saratani ya mlango wa kizazi, na mbili tu, 16 na 18, husababisha karibu asilimia 70 ya saratani hiyo duniani. Chanjo iliyoanza kutolewa 2014 kwa wasichana wa darasa la nne katika shule za serikali hapa Afrika Kusini ililenga hizo mbili. Inafanya kazi, sina ubishi. Binti akichanjwa, nafurahi.

Ila ukoo huu haukusambaa sawasawa. Aina ya 35 ni nadra katika saratani za Ulaya, lakini kwa wanawake wa Afrika huonekana mara nyingi zaidi. Na haimo hata kwenye chanjo ile pana ya aina tisa! Hesabu ya dunia nzima inaipa 35 kama asilimia 2 tu, na ndani ya hesabu hiyo sisi tunamezwa. Inaniudhi, kusema kweli.

Hapa KwaZulu-Natal ni zaidi, kwa sababu ya VVU. Mwanamke mwenye VVU yuko kwenye hatari ya saratani hii mara sita hivi, kwani mwili unashindwa kukifukuza kirusi, na kwake aina nyingine nje ya 16 hupata nafasi kubwa zaidi.

Kumbe kipimo cha HPV cha maabara, kile cha aina 14, kinaitafuta 35 pia. Chanjo imeiacha, kipimo kinaikamata. Na kipimo cha Pap huangalia seli zilizoanza kuharibika, aina iwe yoyote. Kliniki za serikali hukitoa bure mara tatu maishani kuanzia miaka 30. Mwenye VVU hupimwa akigundulika, kisha kila miaka mitatu.

Nilimweleza shangazi yangu haya yote. "Mimi mjane miaka minane, nipimwe nini?"

"Shangazi, kirusi hiki kinaweza kukaa kimya miaka zaidi ya hiyo."

Akanyamaza. Halafu: "Anayepima ni mwanamke?"

Nikamwambia tutaomba awe mwanamke.