Nyumba hupimwa kwa saa, si kwa kodi pekee

Ndugu msomaji, leo tuzungumzie jambo linalowakabili wengi wanaohamia Dar es Salaam kwa ajili ya kazi: familia ikae wapi?

Aghalabu swali hili hujibiwa kwa haraka. Barua ya uhamisho imefika, siku za kuripoti zimekaribia, na dalali anasema nyumba ipo, nzuri, ina maji, kodi ni nafuu, ila mpangaji mwingine anaitaka jioni hiyo hiyo. Baba hulipa kodi ya miezi sita, humlipa dalali kodi ya mwezi mmoja, kisha huwaita mke na watoto. Wiki ya kwanza haijaisha, anagundua kwamba anatoka nyumbani watoto wamelala, na anarudi wamelala. Nyumba ameipata, lakini hayumo ndani yake.

Mji wa barabara nne

Anayetoka Tanga, Lindi au Kigoma hupima umbali kwa kilomita, kwa kuwa huko alikotoka kilomita kumi ni mwendo wa muda mfupi. Dar es Salaam haipimwi hivyo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5.3 katika mkoa huu, na sehemu kubwa ya kazi, biashara na ofisi zimekusanyika Kariakoo, Posta na maeneo ya jirani. Barabara kuu zinazoelekea huko ni nne: ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Nyerere na ya Kilwa. Asubuhi wote huingia kwa pamoja, na jioni wote hutoka kwa pamoja. Ndiyo maana watu wawili wanaokaa kilomita sawa kutoka Posta wanaweza kutofautiana kwa saa nzima.

Serikali imefanya juhudi ambazo haziwezi kukanushwa. Mwaka 2016 lilifunguliwa Daraja la Kigamboni, likawapunguzia wakazi wa ng'ambo utegemezi wa pantoni ya Magogoni. Mwaka huo huo mabasi yaendayo haraka yalianza kazi katika Barabara ya Morogoro. Barabara ya juu ya Tazara ilizinduliwa mwaka 2018, na ile ya Ubungo mwaka 2021. Hata hivyo, kila barabara inapopanuliwa, viwanja vya mbali zaidi hupata wanunuzi, na foleni husogea mbele kidogo. Isitoshe, mvua za masika zikinyesha kwa nguvu, bonde la Msimbazi pale Jangwani hujaa maji, na mtu wa Magomeni anayeiona Kariakoo kwa macho hulazimika kuzunguka.

Hesabu ambayo dalali haifanyi

Tuchukue mfano. Baba amepata kazi Posta, mama ni muuguzi anayeanza kazi Temeke, na wana watoto watatu. Wameona nyumba mbili. Ya Kimara ina vyumba vitatu na uwa, kodi Sh200,000 kwa mwezi. Ya Chang'ombe ni finyu zaidi, nayo ni Sh300,000. Kwa jicho la kwanza Kimara inaokoa Sh100,000.

Sasa tuhesabu nauli. Baba anayo njia iliyonyooka, lakini mama atapita Ubungo, Buguruni na Tazara, tena pengine kwa kubadilisha gari, na siku akitoka zamu ya usiku atahitaji bajaji. Tukichukulia kwamba nauli zao wawili zinazidi kwa Sh2,500 kwa siku, kwa siku 24 za kazi ni Sh60,000. Katika ile laki moja zimebaki Sh40,000.

Hapo hatujagusa wakati. Ikiwa kila mmoja wao anaongeza saa mbili barabarani kwa siku, ni saa 48 kwa mwezi, na kwa wote wawili ni saa 96. Gawanya Sh40,000 kwa saa hizo. Utakuta wazazi hawa wameuza kila saa ya kukaa na watoto wao kwa takriban Sh420. Hakuna mzazi ambaye angekubali bei hiyo kama angetajiwa waziwazi, lakini wengi wameikubali bila kujua kwamba waliuza kitu.

Haimaanishi kwamba Kimara ni pabaya na Chang'ombe ni pazuri. Kama mama naye angekuwa anafanya kazi Magomeni, hesabu ingegeuka. Yapo pia mambo ambayo fedha haiyapimi, kama mzazi mgonjwa anayehitaji hewa na nafasi. Jambo la msingi ni kwamba nyumba ichaguliwe kwa safari za watu wote wa kaya, si kwa safari ya baba peke yake.

Saa ya Maghrib

Kwa familia ya Kiislamu kipo kipimo kilicho wazi zaidi. Dar es Salaam jua huzama mapema mwaka mzima, na Maghrib huingia takriban kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni. Anayetoka kazini saa 11 na kukaa saa mbili njiani, wakati wa sala hiyo humkuta ndani ya daladala, amesimama, kondakta akimsukuma asogee nyuma. Wala safari ya kutoka Posta hadi Mbagala si ile inayomruhusu mtu kupunguza sala. Basi ama ashuke njiani atafute msikiti kisha aanze upya kugombea gari, ama awe na wasiwasi kila jioni.

Asubuhi nako kuna mtihani wake. Watoto wanaosoma mbali hupitiwa na basi la shule kabla hakujapambazuka. Mtoto huamshwa kwa ajili ya basi, si kwa ajili ya sala. Jioni akirudi amechoka, madrasa huwa ya kwanza kuachwa. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza nyumba ina vyumba vingapi, tuulize: Maghrib ikiadhiniwa, ni nani atakuwa nyumbani?

Mafunzo ya Madina

Umbali si aibu, wala kukaa mbali si dhambi. Imepokewa kwamba Banu Salima, waliokuwa wakiishi mbali na msikiti wa Mtume (SAW), walitaka kuhamia karibu nao, naye akawataka wabaki makwao, akiwajulisha kwamba hatua zao zinaandikwa. Katika Sahihi ya Imamu Bukhari imesimuliwa pia habari ya Sayyidna Umar bin Khattab (RA), aliyekuwa akikaa Awali, pembezoni mwa Madina. Yeye na jirani yake Ansari walipokezana: siku moja anateremka huyu, siku ya pili yule, na kila aliyeteremka alirudi na habari za siku hiyo.

Hapa pana funzo kubwa. Umar hakuwa karibu, lakini alikuwa na jirani na alikuwa na mpango. Nasi familia inayolazimika kukaa Chanika, Bunju au Kigamboni kwa kuwa uwezo wake ndio huo, isijilaumu. Itafute jirani mwaminifu wa kupokezana naye kuwapeleka watoto shule na madrasa, na jamaa wa kuchangia mafuta ya gari moja. Wazazi wakubaliane nani atawahi kurudi siku ipi. Jirani wa namna hiyo ni wa kutafutwa kabla ya nyumba yenyewe.

Kabla ya kutoa fedha

Mgeni akipata jamaa wa kumhifadhi wiki mbili, asione haya kuomba. Katika siku hizo aiendee kazi kutoka kila mtaa anaoufikiria, tena iwe Jumatatu saa ileile atakayokuwa akitoka, na arudi jioni saa ileile. Safari ya Jumapili mchana pamoja na dalali si kipimo.

Aulize ni magari mangapi hadi kazini, na kama watu wa pale hupanda moja kwa moja au hulazimika kugeuza na gari kwa nauli mara mbili ili wapate kiti. Atembee kwa miguu kutoka kituoni hadi nyumbani baada ya Isha, akimfikiria mkewe au binti yake katika njia hiyo. Aulize majirani maji ya mvua hupita wapi. Auone msikiti na madrasa, amjue mwalimu. Sala ya Ijumaa ataisali karibu na kazini, lakini sala za kila siku za watoto zinataka msikiti ambao wanaweza kuufikia wenyewe.

Mwisho, ashauriane na mkewe kabla fedha haijatoka mkononi. Yeye ndiye atakayeishi katika saa zile ambazo mume yumo njiani, na mara nyingi ndiye anayejua ni dakika ngapi mtoto mchanga anaweza kumngoja mama yake. Nyumba finyu iliyo na baba na mama wakati wa Maghrib ina wasaa kuliko nyumba pana iliyo tupu hadi saa tatu usiku.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azijaalie kaya zetu makazi yenye utulivu na majirani wema, na abariki nyakati zetu. Amin.