Kompyuta ya Kikundi Inapojisasisha Yenyewe: Tufanye Nini?



Siku hizi si ajabu kukuta kikundi cha kina mama au cha vijana kina kompyuta. Nyingine zimetolewa na wafadhili, nyingine ni mitumba iliyonunuliwa kwa michango ya wanachama. Humo karani anaandika kumbukumbu za mikutano, na mweka hazina anaweka hesabu za akiba na mikopo.

Lakini kuna shida moja inayorudi mara kwa mara. Kompyuta iliyofanya kazi vizuri jana, leo inawashwa na kuonyesha duara linalozunguka tu. Au inafunguka, lakini printa imekataa. Na wanachama wameshaketi wakingoja kusomewa hesabu zao. Hapo maneno huanza: huyu anasema ni virusi, yule ananong'ona kwamba mweka hazina ameficha kitu. Kikundi kinaweza kuvunjika kwa sababu ya minong'ono kama hiyo. Kumbe mara nyingi kompyuta imejisasisha tu, au kama wengi tunavyosema, imefanya apdeti.

KUSASISHA NI NINI?

Ndani ya kila kompyuta kuna programu kubwa inayoziongoza zile nyingine zote. Huitwa mfumo endeshi. Katika kompyuta nyingi za vikundi vyetu mfumo huo ni Windows, wa kampuni ya Microsoft ya Marekani. Kama vile paa la mabati hutoboka na kuhitaji kuzibwa, mfumo huo nao huonekana una matundu ambayo wezi wanaweza kupitia. Kampuni hutengeneza viraka na kuvituma kwa njia ya intaneti. Hutumwa hasa Jumanne ya pili ya kila mwezi, na kwa saa zetu hapa Kenya huwa ni usiku. Kompyuta hujipakulia viraka hivyo yenyewe, kisha hujizima na kujiwasha ili kuvishona.

Shida huja kwa njia nne. Kwanza, stima ikipotea katikati ya kazi, kiraka hubaki nusu. Pili, kompyuta nzee huwa imejaa na haina nafasi ya kupokea vitu vipya. Tatu, kiraka chenyewe kinaweza kuwa na kasoro. Nne, kama mnatumia intaneti ya simu, bando lote linaweza kuisha kabla hamjatuma barua hata moja.

JE, TUZIME MASASISHO KABISA?

Hapana. Mafundi wengine hushauri hivyo, lakini ni ushauri wa hatari. Mwezi wa Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu moja kubwa. Wengi hawakukiweka. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo virusi vilivyoitwa WannaCry vikapitia tundu lile lile, vikaingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Vilifunga kazi za watu na kudai malipo. Huko Uingereza hata hospitali za umma zilikwama, na wagonjwa wakarudishwa nyumbani.

Lakini upande wa pili pia ni wa kweli. Mwezi wa Oktoba 2018 sasisho moja la Windows 10 lilifuta kazi zilizohifadhiwa na baadhi ya watumiaji, na kampuni ikalazimika kusimamisha ugawaji wake hadi irekebishe kasoro.

Basi funzo ni hili: masasisho tuyapokee, lakini kikundi ndicho kichague siku, na hesabu zetu zisikae mahali pamoja tu.

KABLA YA SHIDA KUTOKEA

Maneno yaliyo katika alama za kunukuu hapa chini ni yale mtakayoyaona kwenye kioo cha kompyuta.

1. Wekeni nakala. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila baada ya mkutano, mweka hazina anakili hesabu katika flashi mbili. Moja ikae naye, nyingine ikae kwa mwenyekiti au katika ofisi ya parokia. Na lile daftari la kalamu msilitupe! Jumla ya akiba na madeni ya kila mwanachama iandikwe humo na kutiwa sahihi.

2. Chagueni siku ya kusasisha. Wiki moja baada ya ile Jumanne ya pili ni wakati mzuri, kwa sababu kasoro nyingi huwa zimeshajulikana. Isiwe siku ya mkutano wala siku ya kugawana faida. Betri iwe imejaa na waya wa stima uwe umechomekwa. Ili masasisho yasubiri, fungueni "Settings", kisha "Windows Update", mbonyeze palipoandikwa "Pause". Mnaweza kusimamisha kwa wiki moja hadi tano. Katika Windows 10, "Windows Update" iko ndani ya "Update & Security".

3. Lindeni bando. Mkitumia intaneti ya simu, ingieni "Settings", sehemu ya mtandao, mwashe "Metered connection". Kompyuta itajua kwamba intaneti hiyo ni ya kupimiwa, na haitapakua masasisho mengi bila ninyi kuruhusu. Kisha mara moja kwa mwezi ipelekeni mahali penye intaneti nzuri ikamalize kazi.

4. Jueni umri wa mfumo wenu. Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta ya aina hiyo bado inawaka na inaweza kuandika hesabu, lakini kama haikuandikishwa katika mpango wa kuongezewa muda, matundu mapya hayazibwi. Afadhali isitumiwe kufungua akaunti ya benki ya kikundi. Muulizeni fundi mnayemwamini kama inaweza kupokea Windows 11, maana kompyuta nyingi za zamani haziwezi.

SHIDA IKISHATOKEA

Ikiwa kioo kinasema msizime, msizime. Kompyuta nzee inaweza kuchukua saa moja au mbili. Mkutano uendelee kwa daftari. Zikipita saa tatu bila namba kusonga hata kidogo, hapo shikilieni kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi hivi hadi izime, kisha iwasheni tena. Mara nyingi itajirudisha yenyewe ilivyokuwa.

Ikiwa imewaka lakini ni nzito, iacheni saa moja. Bado inapanga vitu vyake. Halafu izimeni kwa "Restart" na mjaribu tena. Kama printa bado inakataa, ondoeni kiraka cha mwisho: "Settings", "Windows Update", "Update history", kisha "Uninstall updates". Angalieni tarehe, mwondoe kile kilichoingia siku shida ilipoanza. Kisha simamisheni masasisho kwa wiki moja au mbili, la sivyo kitarudi.

Ikiwa haiwaki kabisa, Windows ikishindwa kuanza mara mbili au tatu mfululizo huleta ukurasa wa matengenezo. Chagueni "Troubleshoot", halafu "Advanced options", halafu "Uninstall Updates". Jihadharini na "Reset this PC". Ndani yake kuna "Remove everything", na hiyo hufuta kila kitu. Asiibonyeze mtu kabla nakala haijahakikishwa.

Ikiwa inadai ufunguo wa tarakimu 48, kompyuta yenu imefungwa kwa kufuli liitwalo BitLocker. Ufunguo huo kwa kawaida huwa katika akaunti ya Microsoft ya yule aliyeiandaa kompyuta mara ya kwanza. Mtafuteni mtu huyo leo, kabla ya shida, aandike namba hizo na kamati izihifadhi pamoja na cheti cha kikundi.

Na mkimwita fundi, mjumbe mmoja wa kamati akae naye. Mwambieni tangu mwanzo: hesabu kwanza, kompyuta baadaye.

Uaminifu katika pesa za wanyonge ni kazi takatifu. Mjane aliyeweka shilingi hamsini kila wiki hapaswi kuambiwa kwamba akiba yake imepotea kwa sababu mashine ilijisasisha usiku. Kompyuta ikikataa kuwaka siku ya mkutano, mweka hazina afungue daftari, asome, na kazi iendelee.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kompyuta yetu ikiharibika usiku wa leo, tutajuaje kesho kila mwanachama ana akiba kiasi gani?

2. Ni nani kati yetu, mbali na mweka hazina, anayejua nakala ziko wapi?

3. Tutachagua siku gani ya mwezi kusasisha, na nani atasimamia?