Tunda lililokatwa: Usidanganywe na mfuniko

Msomaji, ukipita katika barabara za Nairobi, Mombasa au Kisumu wakati wa chakula cha mchana, utaona vipande vya tikitimaji, papai na nanasi vikiuzwa ndani ya mikebe ya plastiki. Inzi havigusi, vumbi halivifikii. Je, hiyo inatosha kukuhakikishia kwamba ni salama? La, hasha!

Ganda ndilo ngao ya tunda. Likishamenywa, viini vilivyokuwa kwenye kisu, mikono au ganda lenyewe hupata maji matamu ya kujilisha. Papai na tikitimaji huhitaji uangalifu zaidi kwa sababu hayana asidi nyingi kama nanasi. Viini vya salmonela, viletavyo homa na kuhara, huzaana humo upesi kukiwa na joto. Mfuniko huzuia uchafu mpya tu. Hauviui vilivyokwisha kuingia.

Isitoshe, tunda lililokatwa bado linapumua. Hutumia oksijeni na kutoa hewa ya kaboni. Mkebe ukizibwa kabisa na kuachwa juani, oksijeni hupungua mno, na vipande huanza kuchacha na kunuka kama pombe. Ndiyo sababu viwanda vingi hufungia matunda hayo katika nailoni maalumu inayopitisha hewa kwa kipimo. Hata hivyo, nailoni hiyo haifai kitu bila baridi.

Kwa hivyo, hifadhi vipande katika nyuzijoto 5 za Selsiasi au chini yake. Vikikaa nje kwa zaidi ya saa 2, vitupe. Joto likipita nyuzijoto 32, usingoje zaidi ya saa 1. Kumbuka pia kwamba friji haiui viini. Vile vya listeria, ambavyo ni hatari hasa kwa wajawazito na wazee, huzaana hata katika baridi.

Unaponunua, uliza vipande vilikatwa saa ngapi. Ukiona utelezi, maji mengi chini ya mkebe, au ukisikia harufu ya kuchacha, viache. Afadhali ukatiwe tunda ukitazama, kwa kisu kilichooshwa.

Nyumbani, osha tunda zima kwa maji safi kabla ya kulikata, maana kisu husukuma uchafu wa ganda hadi ndani. Usitumie ubao uliokatiwa nyama mbichi. Funika vipande, uvitie katika friji mara moja, na uvile siku hiyo au kesho yake.

Kipande cha bei nafuu kikikulaza hospitalini, utakuwa umekinunua ghali mno.