Harusi yenu ni mradi: bosi ni nani?

Ukitaka kuona Watanzania wanavyoendesha miradi, huna haja ya kwenda kwenye semina ya hoteli ya nyota tano. Subiri Jumapili jioni, ingia kwenye baa yoyote yenye bustani pale Sinza au Kinondoni, tafuta meza ndefu iliyozungukwa na watu wenye madaftari. Mwenyekiti anagonga chupa kuomba utulivu. Katibu anasoma muhtasari wa kikao kilichopita. Mweka hazina amekumbatia bahasha kama mtoto mchanga, siku hizi na simu pembeni, maana michango mingi inaingia huko. Hicho ni kikao cha harusi, na usicheke: ni mradi kamili.

Nimekaa kwenye kamati nyingi kuliko vidole vyangu, mara nyingi nikiwa katibu. Ukishasema umesomea mawasiliano chuo kikuu, basi daftari ni lako! Na jambo moja limekuwa likinishangaza. Vijana wenzangu, ambao ofisini wanaongoza miradi ya mamilioni, wenye vyeti vya usimamizi ukutani, ikifika zamu ya harusi yao wanasema, "Aah, kamati itajua." Halafu wiki ya harusi wapenzi hawasemeshani, mama mkwe kanuna, na deni la ukumbi linawasubiri nyumbani kabla hata zawadi hazijafunguliwa.

Kwa hiyo mwezi huu, wewe na mwenzako, kaeni pamoja tusome somo la usimamizi wa miradi. Darasa letu ni harusi.

Kwanza, mradi ni nini?

Mradi ni kazi yenye mwanzo na mwisho, inayofanywa mara moja ili kuleta kitu fulani ambacho hakikuwepo. Angalia reli ya TAZARA. Kuijenga kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, kilomita 1,860, kulianza 1970 na reli ikakamilika 1975. Huo ulikuwa mradi. Kuendesha treni kila siku baada ya hapo, kukarabati mabehewa, kuuza tiketi, hiyo ni kazi ya kudumu.

Shika hapo hapo, maana tutarudi. Harusi ni kujenga reli. Ndoa ni kuendesha treni.

Nani ni nani?

Kila mradi una watu wa aina tano, na ugomvi mwingi wa harusi unatokana na mtu wa kiti kimoja kukalia cha mwenzake.

Kuna mwenye mradi. Huyu ndiye anayesema tunataka nini, kwa nini, na mwisho wa uwezo wetu ni wapi. Kwenye harusi ni ninyi wawili, pamoja na wazazi pale wanapobeba sehemu ya gharama. Mwenye mradi hapigi simu kwa mpishi. Kazi yake ni kuamua yale makubwa: wageni wangapi, bajeti isizidi ngapi, kitu gani hakiguswi. Asipoamua yeye, wataamua wengine, na watakuwa na haki.

Kuna meneja wa mradi. Huyu ni mwenyekiti wa kamati. Anageuza ndoto yenu kuwa ratiba, anagawa kazi, anafuatilia, na habari mbaya ikitokea anawaambia mapema. Wengi tunachagua mwenyekiti kwa sababu ana gari zuri au ana cheo. Jamani! Mchagueni anayepokea simu, anayefika kwenye kikao kwa wakati, na anayeweza kumwambia mjomba wenu "hapana" bila kumvunjia heshima.

Kuna wasaidizi wa meneja: katibu anayetunza kumbukumbu na mweka hazina anayetunza fedha. Pesa ishikwe na mtu mmoja, iidhinishwe na mwingine. Hapa hatumtuhumu mtu wizi. Tunamlinda mweka hazina wenu ili asije kunyooshewa kidole.

Kuna watendaji: kamati ndogo za chakula, mapambo, usafiri na burudani, na nyuma yao watoa huduma wanaolipwa, yaani mpishi, mpambaji, MC, mpiga picha.

Mwisho kuna wadau. Hawa ni wote wanaoguswa na mradi hata kama hawana kazi ndani yake: shangazi, wakwe, mchungaji au shehe, majirani, na kila aliyechangia hata elfu kumi. Mdau anasikilizwa na kupewa taarifa. Lakini mdau hatoi amri kwa fundi.

Hapo kwenye amri ndipo moto huwaka. Kwenye kamati moja niliyokuwa katibu, mpambaji alipigiwa simu tatu kwa siku moja. Kamati ilisema dhahabu na nyeupe. Mama wa bibi harusi akasema bluu. Bwana harusi, kwa nia njema kabisa, akasema vyovyote mradi papendeze. Mpambaji wa watu akanunua vitambaa vya rangi zote na akaleta bili ya rangi zote. Jioni ile bibi harusi alilia, mwenzake akamwambia, "Ongea na mama yako," naye akajibu, "Namba ya mpambaji alipewa na nani?" Kimya.

Mwenyekiti wetu, dada mmoja mpole sana, aliuliza swali moja tu: "Mpambaji anapokea maelekezo ya nani?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Usiku ule tuliandika jina moja mbele ya kila kazi. Mama hakutupwa nje. Alipewa kamati ya chakula, eneo analolijua kuliko sisi sote, na kikao kilichofuata ndiye aliyekuja na bei nzuri kuliko zote.

Wataalamu wana chombo kwa ajili ya hili, wanakiita RACI. Ni maswali manne kwa kila kazi: nani anaifanya? Nani atajibu ikiharibika? Nani aulizwe kabla? Nani ajulishwe baada? Wanaofanya wanaweza kuwa wengi. Wa kujibu awe mmoja tu. Ukiona majina mawili hapo, jua hakuna mtu.

Mafiga matatu

Chungu cha mradi kinakaa juu ya mafiga matatu: ukubwa wa kazi, muda, na gharama. Huwezi kulisogeza moja mengine yakabaki palepale.

Waaustralia walilijua hili kwa uchungu. Jumba lao maarufu la opera, Sydney Opera House, lilianza kujengwa 1959 likitarajiwa kumalizika 1963 kwa dola milioni 7 za Australia. Ujenzi ulianza kabla michoro haijakamilika, na lile paa la kama matanga likachukua miaka kabla ya kupatiwa ufumbuzi. Mbunifu wake, Jørn Utzon, aligombana na serikali akajiuzulu 1966. Jumba lilifunguliwa 1973, na gharama ilifika dola milioni 102. Leo dunia nzima inalipenda. Lakini ninyi, mwenzangu, mna hazina ya serikali ya kuwafidia?

Tupige hesabu ya hapa nyumbani. Tuseme sahani moja ni shilingi 30,000 na wageni ni 250. Chakula peke yake ni 7,500,000. Sasa baba anasema, "Ongezeni watu wangu 50 tu wa kijijini." Hiyo "tu" ni 1,500,000, bado vinywaji, viti na kadi. Sikatazi watu wa kijijini wasije, ndio waliowalea. Ninachosema ni kwamba mtu akiongeza kitu, kikao kimuulize palepale: kinagharimu kiasi gani, na hela inatoka wapi au tunapunguza nini? Nyongeza isiyo na majibu hayo isiingie kwenye daftari. Swali hili likiulizwa kwa kila mtu, pamoja na bwana harusi anayetaka bendi, hakuna atakayejiona ameonewa.

Kazi inayosubiri kazi

Mwaka 1957 kampuni ya DuPont ya Marekani ilitengeneza, pamoja na Remington Rand, njia ya kupanga kazi ambayo mameneja wanaitumia mpaka leo. Wazo lake ni rahisi: kuna kazi zinazosubiri nyingine, na kuna zinazoweza kwenda sambamba. Ule mnyororo mrefu kuliko yote wa kazi zinazosubiriana ndio unaoamua mradi utaisha lini. Ukichelewa kwenye mnyororo huo siku moja, mradi wote unachelewa siku moja.

Kwenye harusi, mnyororo unaanzia kwa mfungishaji ndoa. Huwezi kuchapa kadi bila ukumbi, huwezi kulipia ukumbi bila tarehe, na tarehe haitoki kichwani mwenu peke yenu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe angalau siku 21 kabla. Makanisani kuna mafundisho na matangazo, na makanisa mengi hayafungishi ndoa za shamrashamra wakati wa Kwaresima, ndiyo maana baada ya Pasaka kumbi zinagombaniwa kama daladala saa kumi na mbili jioni. Bado hatujafika kwenye mahari, ambayo wazee hawaiharakishi kwa sababu eti mmeshalipia MC!

Kwa hiyo anzeni na wazee na mfungishaji ndoa. Rangi ya leso za mezani inaweza kusubiri, haimo kwenye mnyororo. Cha ajabu, ndiyo inayokula vikao vitatu.

Ahadi siyo hela

Meneja mzuri anajiuliza kila wiki: nini kinaweza kuharibika, na kikiharibika tutafanyaje? Masika yatanyesha kwenye bustani, basi turubai liwe limeshaulizwa bei. Umeme utakatika, basi jenereta ijulikane ni ya nani na mafuta ananunua nani.

Lakini hatari kubwa ya harusi zetu ni ahadi. Watu wanaahidi kwa moyo mweupe kabisa, halafu ada za shule zinaingia. Tuseme kwenye orodha kuna ahadi za milioni 20, na taslimu ni milioni 13. Harusi yenu ni ya milioni 13. Gaweni bajeti mafungu matatu: ya lazima, ya kupendeza, na ya kujionyesha. Taslimu ilipe ya lazima kwanza. Ahadi zikiingia, mnapanda ngazi. Zisipoingia, mmekosa sanamu ya barafu, hamjakosa wali.

Na hapa naomba niseme na wapenzi wenyewe. Kabla kikao cha kwanza hakijaitwa, kaeni wawili, zimeni simu, muulizane: sisi wenyewe tuna shilingi ngapi? Tuko tayari kukopa, na kama ndiyo, mwisho ngapi? Kitu gani kimoja kila mmoja wetu hawezi kukiacha? Nani atazungumza na upande wa kwenu, nani na wa kwetu? Mwandike. Wengi huogopa maswali haya wakidhani yataua mahaba. Lakini kama mtu hawezi kukuambia ana deni kiasi gani mkiwa wachumba, unadhani atakuambia mkiwa na watoto wawili na kiwanja nusu?

Kuvunja kamati

Miradi mingi maofisini huanza kwa mbwembwe na kufa kimya kimya. Hapa sisi tuna utamaduni ambao mameneja wa kigeni wangeuonea wivu: kikao cha kuvunja kamati. Mweka hazina anasoma mapato na matumizi, madeni yanatajwa, watu wanashukuriwa, nyama inachomwa, kila mtu anarudi kwake. Msikiruke kikao hiki eti kwa sababu mmechoka na fungate. Waliochangia ni wadau, wanastahili kujua hela yao ilikwendaje. Na kesho mtawahitaji, au wao watawahitaji ninyi.

Halafu kamati ikishavunjwa, ivunjike kweli. Mwenyekiti hana kikao tena juu ya nyumba yenu, na kundi la WhatsApp lifungwe. Wanaobaki ni wawili, na kazi ya kudumu imeanza: kodi ya nyumba, wagonjwa wa pande zote mbili, nani anaamka mtoto akilia. Reli imekwisha kujengwa. Kama mlijifunza kuulizana "hili ni la nani kati yetu?" bila kurushiana maneno, treni itatembea hata siku ambazo hakuna anayepiga vigelegele.

Kikao chenu cha kwanza ni lini? Msisahau daftari. Na msinipigie simu kuniomba niwe katibu!