Nyuma ya mpanda farasi

Deneys Reitz alitandika farasi na kwenda kupigana na Waingereza mwaka 1899 akiwa na miaka 17. Alikuwa kijana wa Kiburu, na baba yake aliwahi kuwa rais wa Orange Free State, jamhuri ya Maburu. Alipofariki mwaka 1944 alikuwa London akiiwakilisha Afrika Kusini kwa Waingereza, watu walewale aliowapiga risasi ujanani. Kati ya miaka hiyo miwili kuna uhamisho Madagaska, vita vya kwetu Afrika Mashariki, mahandaki ya Ufaransa, uwaziri na vitabu vitatu vya kumbukumbu. Wengi wanaousimulia mkasa wake huusimulia kama habari ya mtu, bunduki na farasi wake. Kwa maoni yangu simulizi hiyo ni nusu tu. Askari wa farasi hakuwahi kupigana peke yake, na maisha ya Reitz, hasa kipande chake cha Afrika Mashariki, hayaeleweki mpaka tuwahesabu waliomtunzia farasi, na wale waliobeba mzigo pale farasi aliposhindwa.

Hakuna haja ya kumpunguzia ushupavu wake. Mwaka 1901 alifuatana na Jenerali Jan Smuts wa Maburu kuvamia Koloni ya Cape, katika mvua na baridi kali, huku kikosi kikiwa hakina nguo wala risasi za kutosha. Reitz alivaa gunia la nafaka lililotobolewa matundu ya kichwa na mikono, na usiku mmoja likamgandia mwilini kwa barafu. Septemba 17 waliishambulia kambi ya Waingereza huko Elands River na kujitwalia farasi, chakula, nguo na silaha, la sivyo safari ingeishia hapo. Lakini tangu mwanzo wa vita hivyo, Maburu wengi walifuatwa na Waafrika walioitwa agterryers, yaani wapanda farasi wa nyuma: ndio waliotandika, waliopika na waliochunga farasi wa akiba. Familia ya Reitz ilikuwa na Charley. Katika kitabu chake cha kwanza, Reitz anamtaja kwa wema, ila kwa jina hilo moja tu, ilhali makamanda wana majina kamili na vyeo. Hapo ndipo tofauti ya kumbukumbu inapoanza.

Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Reitz alikuja kupigana na Wajerumani katika nchi ambayo leo ni Tanzania, safari hii upande wa Uingereza, chini ya Smuts yuleyule. Mbinu iliyofaa kwenye nyasi za kusini ilikutana hapa na mbung'o. Mwezi Aprili kikosi cha Jenerali Van Deventer, aliyekuwa chini ya Smuts, kilitoka upande wa Arusha kwenda Kondoa Irangi katikati ya masika. Mji ulitekwa, lakini farasi kwa mamia walikufa njiani, na waliofika walikuwa hoi. Mtu anaweza kusema kwamba Kondoa isingetekwa upesi hivyo bila farasi, na ni kweli. Ila ushindi huo haukuwa na pa kwenda. Wanyama wapya walipoletwa, nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, na tauni ya farasi viliwamaliza nao, na mzigo ukahamia vichwani mwa wapagazi. Waingereza waliandikisha mamia ya maelfu yao, wengi kwa kulazimishwa, na hesabu rasmi za baadaye zilionyesha vifo vinavyozidi 95,000, vingi kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi hao, Carrier Corps.

Wapo watakaosema ni dhuluma kumbebesha Reitz hesabu hiyo. Hakuwa yeye aliyepanga vita, naye aliumia: alikataa kula kiapo kwa Waingereza mwaka 1902, akaenda Madagaska, na malaria ikamrudisha nyumbani akiwa mdhoofu hadi mke wa Smuts akamuuguza. Tena mwaka 1942, akiwa waziri wa mambo ya Waafrika, alizikemea sheria za pasi zilizowabana Waafrika, na ukaguzi wa pasi hizo ukalegezwa kwa muda mijini. Ninayakubali yote hayo. Kesi yangu haiko dhidi ya mtu huyu. Ninachokitazama ni njia iliyokuwapo kwa mmoja na kukosekana kwa mwingine. Baada ya vita, mpanda farasi aliyeshindwa aliweza kusomea sheria, kugombea ubunge na kuchapisha kitabu mwaka 1929. Mpagazi aliyekuwa upande ulioshinda hakuwa hata na kura.

Jibu la mwisho la wapinzani ni kwamba wapagazi hawakuacha maandishi, basi tuandike nini juu yao? Lakini serikali yenyewe ilikuwa na maandishi juu yao. Oscar Watkins, aliyekiongoza kikosi cha wapagazi kutoka Nairobi, alipigania mishahara ya waliokufa ilipwe kwa jamaa zao au itumike kwa faida ya watu wao. Fedha zilizobaki bila kuchukuliwa zilijulikana, zikajadiliwa kwa miaka kati ya Nairobi na London, na mwishowe Uingereza ikakataa kuzitoa.