Kwa Nini Upime Sukari Nyumbani
Kongosho lina seli zinazotengeneza insulini, homoni inayosaidia sukari kutoka kwenye damu na kuingia mwilini. Katika kisukari cha aina ya pili, seli hizo huzidi kudhoofika kadiri miaka inavyopita. Ndiyo maana dawa iliyokutosha zamani huenda isitoshe leo, hata kama hujakosea masharti.

Kupima nyumbani hukuonyesha mabadiliko hayo mapema. Nawa mikono na uikaushe. Mabaki ya tunda kidoleni hupandisha kipimo. Kabla ya kiamshakinywa, wengi hulenga 4 hadi 7. Ikishuka chini ya 4, kunywa maji yenye vijiko 3 vya chai vya sukari, upime tena baada ya dakika 15. Ikizidi 7 kwa siku kadhaa, peleka daftari lako kliniki. Usijiongezee dawa.